Bitana Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso, nilikuwa nachuchumaa kwenye bustani ya baba nikimsomea nondo. Ndiyo, nondo, hao ndugu wa vipepeo wanaoruka gizani na kugongagonga taa. Wenzangu huwasomea wazazi wao magazeti.

Mtego wenyewe ulikuwa sanduku la mbao lenye faneli juu yake, na balbu juu ya faneli. Jioni baba anawasha balbu, nondo wanaufuata mwanga, wanateleza ndani, na kutoka hawawezi. Humo tulipanga trei tupu za mayai wapate pa kujibanza. Kukicha nainua trei mojamoja, namwingiza nondo kwenye kichupa, namweleza baba alivyo, naye anamtaja. Baba alifundisha sayansi maisha yake yote, na majirani bado wanamwita Mwalimu. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi.

"Haya, wa kwanza."

"Kijivu, kama kitambaa cha sare kilichofuliwa sana. Pindoni ana mshono mweusi wa zigizaga."

"Mwanangu, sema mstari. Usiseme mshono."

"Mimi ni fundi cherehani, baba. Naona mshono."

"Huyo ni Karani," anasema, huku akicheka. "Mpeleke."

Majina aliyatunga yeye na marehemu mama: Karani, Mlevi, Mama Mkwe. Kuwasoma hakukunichosha. Kilichonichosha ni huko kuwapeleka, maana baba alikuwa na sheria yake. Nondo haachiwi bustanini. Anavushwa kijito na kuachiwa kwenye vichaka vya ng'ambo, kwa sababu ukimwachia karibu atarudi kwenye taa ileile, na kesho utamhesabu tena na kujidanganya. Basi nilivuka kijito na kikapu cha vichupa, viatu vimelowa, nikilaani kimoyomoyo, halafu nikarudi kumpikia chai.

Nilikuja kwa muda tu, mama alipofariki. Mjini nilikuwa na cherehani yangu kwenye chumba cha kushonea nilichochangia na mwenzangu. Mwenzangu alivumilia sana, lakini wiki ile alinipigia akaniambia bila kuzunguka: shule zinafungua, sare zimerundikana hadi mlangoni, nisipoonekana Jumatatu nafasi yangu anampa mtu mwingine. Simlaumu. Kaka yangu naye alinipigia kutoka huko aliko, maana ushauri wake haukauki. "Wewe huna watoto," akasema. "Kaa na mzee." Nilimkatia simu.

Si kwamba baba hakuwa na pa kwenda. Shangazi, dada yake mdogo, anaishi nyuma ya ua wetu na alishamtandikia kitanda. Baba alikataa katakata. Nilipombana sana ndipo akatoa sharti lake.

"Siku tukimpata Bitana Nyekundu, nafunga sanduku, nahamia kwa shangazi yako. Na wewe uende zako."

Bitana Nyekundu alikuwa nondo wa mama. Kwa juu ni kijivu, koti la kawaida kabisa. Akifunua mabawa ya chini, unakuta bitana nyekundu, kama kitambaa cha ndani ya koti, yenye madoa matatu meusi kila upande. Yeye na baba walimwona mara moja tu, wakiwa wachumba, naye mama ndiye aliyempa jina. Nimekua nikisikia habari za madoa yale matatu hadi ningeweza kuyataja usingizini. Basi nikawa nainua trei kama mtu anayetafuta ufunguo wa chumba alichofungiwa.

Alhamisi nilimpata.

Alikuwa kwenye trei ya chini kabisa, mpole, kijivu. Nilimgusa ubavuni kwa unyasi kama baba alivyonifundisha, akafunua. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Gari la maziwa lilikuwa linakwenda mjini Ijumaa asubuhi, na hapo hapo nikajiona nimeketi mbele pamoja na dereva.

"Baba! Ni yeye. Koti kijivu, bitana nyekundu!"

Baba aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Madoa?"

"Matatu. Kila upande."

"Basi siye," akasema. "Bitana Nyekundu ana manne."

Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Ila kwanza nilimwangalia vizuri. Alikuwa amekishika kigoda alichokalia kwa mikono yote miwili.

"Manne tangu lini? Maisha yangu yote yalikuwa matatu!"

"Umesahau."

"Sijasahau. Umenitega, baba. Hili sanduku ni langu, si la nondo."

Nikafungua kifuniko cha kichupa hapo hapo, kando ya mtego. Nondo akapeperuka akaingia kwenye ua wa shangazi. Baba alisikia kifuniko kikianguka.

"Umemwachia karibu?"

"Si umesema siye? Tatizo liko wapi?"

Nilidhani atanigombeza. Badala yake aligeuza uso upande wa mwanga.

"Shangazi yako anawaita wote wadudu," alisema taratibu. "Wote, na anawaua kwa ndala. Ukiondoka, nani ataniambia rangi?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na yeye ananiuliza swali. Nilienda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi, nikilia kwa hasira, maana nilijua siwezi kumwacha hivyo, na nilijua pia nikibaki sitakuja kumsamehe. Mchana shangazi aliposimama dirishani na kuuliza kama afue mashuka ya mgeni wake, nilimwambia angoje kwanza. Alinitazama akatikisa kichwa. Begi langu nililifunga, nikalifungua, nikalifunga tena, nikaliacha nyuma ya mlango.

Ijumaa niliamka nikiwa bado sijaamua. Nilipotoka, baba alikuwa ameshafika bustanini, ameketi kwenye kigoda chake na sweta lake kuukuu. Balbu imezimwa. Sanduku wazi, na trei zote zimetapakaa kwenye nyasi, zimepinduliwa. Ndege mmoja mdogo, aliyezoea kutuibia nondo, alikuwa anarukaruka katikati ya trei, hana cha kuokota.

"Umefanya nini?"

"Nimewakung'uta wote," alisema. "Leo huna cha kunisomea."

"Baba, naweza kusubiri gari la wiki ijayo."

"Usinibembeleze. Hilo si linapiga honi?"

Lilikuwa linapiga kweli, kule barabarani. Nilichukua begi nikarudi kumuaga, na nilipoinama kumkumbatia, nikamwona. Alikuwa amejibandika begani mwa sweta, karibu na kola, kijivu juu ya kijivu. Ningeweza kunyamaza.

"Baba, umebakiza mmoja. Yuko hapa begani."

Akatulia, hata shingo hakuisogeza. "Nisomee."

"Koti kijivu." Nikamgusa kwa kidole, akafunua. "Bitana nyekundu."

"Madoa mangapi?"

Kidogo nimwambie manne, nimpe ushindi wake, nikapike chai.

"Matatu," nilisema.

"Kila upande?"

"Kila upande."

Baba alivuta pumzi, akainua mkono hadi begani, akausimamisha hapo bila kumgusa.

"Basi ndiye," alisema. "Mtie kwenye kichupa, uende naye. Ukamwachie mbali."