Glasi ya Jioni

Mama alipoanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, kaka yangu alisema basi, ndiyo hivyo, uzee umempanda kichwani. Kaka yangu ni mwepesi wa kutoa hukumu, hasa akiwa kwenye simu. Mimi niliyeishi na mama nilikataa, lakini kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumlilia.

Kisha akaanguka bafuni. Hospitalini wakamtundikia dripu, na siku ya pili nikamkuta ameketi kitandani, ananiuliza kwa nini nimetoka nyumbani na blauzi isiyopigwa pasi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Amepungukiwa sana maji," daktari akaniambia. "Wazee hawasikii kiu kama sisi, na maji yakipungua mwilini hata akili huvurugika. Kwa kawaida anakunywa kiasi gani?"

Chakula chake nilikijua kijiko kwa kijiko: uji wa maziwa, mayai, mboga zilizopondwa. Maji nilikuwa namwekea tu mezani, basi.

Tuliporudi nyumbani nikambana. Akazungusha maneno weee, mwishowe akasema, "Nikinywa jioni, usiku siwahi choo."

"Si utaniamsha?"

"Na nisipowahi hata hivyo?"

"Nitafua, mama. Kwani kuna nini?"

"Mimi ndiye niliyekufulia wewe. Isije ikageuka. Afadhali hicho kichwa kipotee."

Nilipandwa na hasira. Kumbe muda wote ule alikuwa akijinyima maji kwa makusudi, na mimi huku nahangaika na mayai. Nikamwambia kichwa kikipotea anapotea yeye mzima, na mimi sina mama mwingine wa akiba. Nilisema kwa ukali, na sikujutia. Akaichukua glasi ya maji niliyomwekea jioni ile, akainywa yote hadi tone la mwisho huku ameukazia macho ukuta.

Asubuhi harufu ilinipokea mlangoni. Alikuwa amejifunika hadi kidevuni. Nilipoinama na kugusa ukingo wa shuka, akanitazama usoni.

"Wewe nani?" akauliza.

Nikafikiri tumempoteza tena, na safari hii moja kwa moja. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeling'ang'ania lile shuka, na macho yake yalikuwa na akili zote, yakinisihi. Alinijua. Alinijua vizuri kabisa, na hilo ndilo lililokuwa likimuua.

"Mimi ni muuguzi, bibi," nikamjibu. "Nimekuja kubadilisha kitanda. Binti yako bado amelala."

Taratibu akaliachia shuka.

"Usimwamshe," akasema.

Nikamwahidi.