Mgongo wa Gari

Gari lilikuwa limeoza kuanzia chini, na pesa iliyokuwapo ilitosha nusu ya kazi. Hayo yalijulikana siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyeyaficha.

Aliyeyasema ni fundi bodi mfupi ambaye watu walimwita Sumaku, kwa kuwa hakagui gari bila sumaku yake iliyofungwa kwenye uzi. Aliipitisha juu ya boneti, ikashika. Akaipitisha milangoni, ikashika shingo upande. Alipofika kwenye yale mapande marefu ya bati yaliyo chini ya milango, sumaku ikaachia, ikabaki kuning'inia. Akagonga kwa kidole. Pati, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, ikamomonyoka, na nyuma yake yakatoka magazeti ya manjano, yaliyoshindiliwa humo na fundi fulani wa zamani aliyetaka kula mara moja na kwenda zake.

"Mgonjwa wako anacheka," alisema Sumaku, "lakini maini hana."

Mwenye gari alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa miaka arobaini na tisa, na mtaa mzima ulimwita Mageti. Alichuchumaa, akatazama tundu.

"Bei yangu ni mara mbili ya ulichonacho," Sumaku aliendelea. "Na hapo injini sijaigusa. Yule mfamasia aliyetaka kulinunua bado analitaka?"

"Analitaka hivi lilivyo."

"Basi muuzie leo, kabla mkewe hajamshika mkono. Na ukiamua kukata, usikate bila mimi."

Pesa yenyewe ilikuwa ya mabati. Mzee, baba yake Mageti, alilala chumba cha nyuma, na bati la chumba hicho lilikuwa na matundu kama chekecheke. Walikuwa wamejinyima miezi kumi na minne hadi wakapata bei ya mabati kumi na sita. Fedha ya mfamasia ingeleta mbao na fundi. Hesabu ilikuwa nyepesi. Hata mlevi angeipata.

Lakini Mageti alikuwa na hesabu nyingine, ya zamani, ambayo hakuwahi kumsomea mtu. Mwaka ambao injini ya gari hilo ilikufa, wakati mzee akiliendesha kama teksi, ada ya shule ya Mageti ndiyo iliyonunua injini nyingine. Alikuwa wa tatu darasani. "Mwakani utarudi," mzee alimwambia, na mwaka huo haukufika. Hakuweza kulalamika, maana teksi ilirudi barabarani ikalisha watu sita, naye akiwa mmoja wao. Sasa mfamasia alipotaja bei, Mageti alisikia kitu kingine. Alisikia akiambiwa kichwa chake kilikuwa na thamani gani.

"Likipona litauzwa mara nne ya bei ya mfamasia," alimwambia mkewe.

"Likipona," mkewe alisema, akiendelea kukunja nguo. "Mgonjwa wa kwanza yuko chumba cha nyuma, baba watoto. Huyo hapoi kwa rangi."

Mzee naye aliulizwa, kwa adabu tu. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Liuze."

"Baba, hili ndilo lililotulea."

"Mimi ndiye niliyewalea. Hilo lilikuwa linakunywa mafuta."

Mageti alicheka, akaenda kununua bati la gari.

Chuma alikijua. Alikuwa amekata chuma miaka thelathini, na akiona kazi haishindi geti huwa haogopi. Aliliinua gari juu ya matofali, mbele na nyuma, kama alivyozoea kuegemeza fremu ya geti. Akakata pande la kushoto lote, hadi kwenye bati safi. Kwa kuwa gesi ilikuwa ya kukodi kwa siku, na siku ilikuwa bado changa, akakata na la kulia.

Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na mlio mdogo tu, kama wa mtu anayevunja vidole vyake akiwaza. Tumbo la gari likashuka kadiri ya upana wa kiganja. Paa likajikunja juu ya milango. Kioo cha mbele kikapasuka kutoka pembe hadi pembe, taratibu. Mageti alivuta mlango wa dereva, haukufunguka. Akaenda wa pili. Akaizunguka yote minne, kisha akaanza tena wa kwanza.

Sumaku aliitwa, akaja, akainama.

"Hukufunga vyuma vya kulishika ndani?"

"Vya nini?"

"Geti unaliegemeza ukutani, linakusubiri. Vyuma hivyo ulivyokata ndivyo mgongo wa gari, ndugu yangu. Hukatwa kimoja, kikashonwa, ndipo kingine." Alijipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Nilikuambia usikate bila mimi."

"Nilidhani unatafuta ulaji."

"Nilikuwa natafuta ulaji. Na nilikuwa nasema kweli."

Jioni mzee alitoka na fimbo yake, akishika ukuta. Alilitazama gari muda mrefu, kisha akamtazama mwanawe aliyekaa juu ya mtungi wa gesi.

"Ile ada," alisema, "ilikuwa kiasi gani?"

Mageti aliijua hadi senti ya mwisho.

"Sikumbuki, baba."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akageuka. Ilimchukua muda kufika mlangoni, na Mageti hakusimama kumsaidia.

Mfamasia alifika, akasimama kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa jirani asiyemjua vizuri, akaondoka bila kutaja bei. Wiki iliyofuata akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Hakutaka habari za boneti wala za taa. Alipima vipande: kilo mia saba na kumi na mbili. Akaondoa kumi na mbili, akasema ni za kutu.

Akiba ya miezi kumi na minne ilikuwa imeishia kwenye gesi, nyaya za kuchomelea na bati la gari ambalo duka lilikataa kulirudisha. Fedha ya chakavu ilitosha mabati matatu. Mageti aliyapigilia mwenyewe, mkewe akimshikia ngazi. Matatu yalifunika juu ya kitanda cha mzee tu. Kumi na matatu hayakuwapo, na mvua zilikuwa zimebakiza siku tisa kuanza.