Vidonge vya Januari

Ferrell Mullins aliingia kwenye rafu za nyuma akakaa huko zaidi kuliko inavyompasa mtu anayeangalia rafu tupu, kisha akarudi kaunta akiwa amekishika cheti cha daktari kwa ncha za vidole. Arlene Stidham alijua kabla hajafungua kinywa. Mfamasia mwenye dawa hurudi na chupa. Asiye nayo hurudi na uso.

"Hakuna, Bi Arlene."

"Jumatatu uliniambia nije leo."

"Gari limekuja. Limeleta dawa za presha, limeleta za sukari. Mofini ya maumivu hawakuleta hata punje."

"Lini basi?"

Ferrell alitazama mlangoni kana kwamba kuna mteja anaingia. Hakukuwa na mtu. "Januari," alisema.

Ilikuwa katikati ya Novemba, na theluji ya kwanza ilikwisha kuonekana juu ya mlima.

"Januari! Ferrell, mume wangu saratani inamtafuna uti wa mgongo. Hiyo Januari yako ni ya watu wenye migongo."

"Sio mimi, Bi Arlene. Nisikilize. Kila mwaka serikali kule Washington inavipimia viwanda. Wewe tengeneza kiasi hiki, wewe kiasi hiki, ukimaliza zima mashine. Sasa wamemaliza. Mashine zipo, unga wa kutengenezea upo, wafanyakazi wapo wanacheza karata. Wanangoja mwaka mpya wapimiwe tena." Akashusha sauti. "Na mwaka huu walipunguziwa."

Hakutazama ukutani aliposema hivyo, na Arlene naye hakutazama. Pale ukutani, juu ya mizani, kulikuwa na bango la mwanawe Jarrod akiwa na jezi ya shule, anacheka. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa mekundu: VIDONGE VIPUNGUE. KWA AJILI YA JARROD. Arlene ndiye aliyelibandika, Ferrell akimkatia selotepu.

Jarrod aliumia bega mgodini. Enzi zile madaktari wa kaunti waligawa vidonge kama njugu za harusini, na kijana alipopona bega, vidonge vilikuwa vimekwisha kumwoa. Vilipoanza kuadimika madukani akanunua vya mtaani, vilivyogongwa kwenye gereji ya mtu asiyejua hata alichochanganya. Kimoja kati ya hivyo kilimuulia bafuni kwa mama yake, bomba likitiririka. Arlene alizika mwana, akapanda basi la kanisa mpaka Washington, akasimama mbele ya wanaume wenye tai akasema viwanda vifungwe mikono. Maskini hasikilizwi mara nyingi, lakini siku ile alisikilizwa. Hata sasa, akiwa amesimama pale kaunta mikono mitupu, asingeyafuta maneno yale. Alichodhani ni kwamba watu waliosoma kiasi kile wangejua kutenganisha kijana wa bega lililopona na mzee wa mgongo unaooza.

"Kwani nikivuka mlima nikajaribu kwingine?" aliuliza, ingawa alikwisha kuvuka.

"Mkataba wenu na kliniki unasema mchukue dawa duka moja tu." Ferrell alimrudishia cheti chake. "Usije ukajitia matatani."

Matata yenyewe yalikuwa yamekwisha kumtangulia. Kesho yake kliniki walimwita, si yeye na mumewe Denver, yeye peke yake. Aliyempokea alikuwa Tonya Whisman, msimamizi wa vyeti, msichana aliyesoma darasa moja na Jarrod na kulia sana mazishini. Alifunga mlango taratibu.

"Bi Arlene, kompyuta inaonyesha maduka matatu ndani ya wiki moja."

"Kwa sababu la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu hawana."

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Wote nani, Tonya?"

Tonya alipanga kalamu zake. "Sisemi nyinyi. Nasema kompyuta haijui sura ya mtu. Ikiona maduka mengi inaweka alama nyekundu, na mimi nikiiona alama siwezi kujifanya sijaiona. Nina kazi, nina watoto."

"Hata kidonge kimoja sikupewa. Nimevunja mkataba kwa kupewa nini, hewa?"

"Mkataba hauzungumzii kupewa. Unazungumzia kwenda."

Arlene alimtazama msichana yule ambaye zamani yeye mwenyewe alimpikia mikate ya maziwa. Hakuona ukatili machoni mwake, na hilo lilimuudhi zaidi. Angekuwa mkatili angemtukana, wakayamaliza.

"Haya. Sasa?"

"Jalada la mzee linakwenda kwenye kamati. Mpaka kamati ikae, daktari haruhusiwi kumwandikia."

"Kamati inakaa lini?"

Tonya alitamka mwezi ule ule aliotamka Ferrell. "Kwa sasa atumie vile vya kawaida, vya kichwa," akaongeza. "Avimeze na chakula."

Denver Stidham alikuwa amelala kwa ubavu kwenye kochi la sebuleni, mto katikati ya magoti, televisheni ikiwaka bila sauti. Alifanya kazi chini ya ardhi tangu ujanani mpaka mgodi ulipofungwa, na kulalamika hakujifunza. Ukitaka kujua anaumwa kiasi gani ulisikiliza mizaha yake. Ikipungua, hali ni mbaya.

"Umeniletea?" aliuliza.

"Wamesema umeze vya kichwa, na chakula."

"Wamejuaje? Kichwa ndicho pekee kisichoniuma."

Arlene alikaa sakafuni karibu naye akamweleza yote, duka na kompyuta na kamati. Denver alisikiliza macho yamefumbwa. Hospitali walikwisha kwenda Jumapili iliyopita, wakamchoma sindano moja, wakamwambia amwone daktari wake. Wale wauguzi wanaohudumia majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona walikataa kumpokea mpaka aache kwanza matibabu ya mionzi, atie sahihi kwamba amekubali kufa. Denver hakukubali. Alisema atakufa, ndiyo, lakini si kwa kuomba kibali.

"Kijana wa akina Combs anavyo vya mtaani," alisema. "Kila mtu anajua. Kule hakuna Januari."

"Unajua vina nini ndani?"

"Najua."

"Sitanunua kilichomuua mwanangu nije nikutie wewe mdomoni. Niue wawili kwa mkono mmoja? Denver, usiniombe hilo."

Hakuomba tena. Lakini alfajiri alianza kulia. Hakuwa analia kwa sauti ya kiume wala ya kike, ila mlio mwembamba wa kitu kilichobanwa mlangoni, na ulipokatika alikuwa anavuta pumzi ili auanze upya. Katika miaka yote ya ndoa Arlene hakuwahi kumwona akilia, hata kaburini kwa Jarrod. Alimshika mkono kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumshika.

Asubuhi ile ile simu ililia. Alikuwa Whitney Caldwell wa ofisi ya mbunge, sauti nyororo, kila neno lina sukari. Mheshimiwa angefanya mkutano Jumapili alasiri katika ukumbi wa kanisa, kupigania kikomo cha viwanda kishushwe tena mwakani. Je, Bi Arlene angesema maneno machache kama mwaka jana? Watu hawajayasahau.

Arlene alikuwa anataka kukataa. Kisha akamsikia Denver kule sebuleni, akafikiri: mwenye kushusha ndiye mwenye kupandisha. Akasema atakuja.

Jumapili alimlaza Denver kwenye kiti cha pikapu kilichoinamishwa mpaka mwisho, akamfunika mfarishi, akaegesha karibu na ukuta wa ukumbi na kuacha injini ikiunguruma ili apate joto. Kumwacha nyumbani peke yake asingeweza. Ndani kulinukia maharage na mkate wa mahindi, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye madirisha, na wengi wao walikuwa wamezika mtu. Kaunti ile hakuna nyumba isiyo na picha ya kijana anayecheka.

Whitney alimkumbatia mlangoni. Arlene hakungoja.

"Nina shida, binti yangu. Mume wangu ana saratani na mofini hakuna. Viwanda vimefikia kikomo. Nataka kumwomba mheshimiwa wagonjwa kama yeye watengewe fungu lao."

Uso wa Whitney uliingiwa na huruma mara moja, kama taa inayowashwa. "Jamani, Bi Arlene. Pole sana. Nimekuelewa kabisa." Akamshika kiwiko akamsogeza pembeni. "Hilo tutalishughulikia. Lakini si leo, si mbele ya watu. Ukichanganya ujumbe, waandishi wa habari wataandika nini? Kwamba hata mama wa Jarrod amegeuka? Wenye viwanda watasherehekea. Ndicho unachotaka?"

"Ninachotaka ni vidonge."

"Niandikie barua pepe. Jumatatu naishughulikia mwenyewe." Akamkabidhi karatasi. Yalikuwa maneno yake Arlene ya mwaka jana, yamechapwa upya kwa herufi kubwa ili asihitaji miwani.

Mheshimiwa alihutubia, akashangiliwa. Kisha Arlene akaitwa. Alipanda jukwaani, picha ya Jarrod ikiwa kubwa nyuma yake kuliko Jarrod mwenyewe alivyopata kuwa. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni, na ukumbi ukatulia.

"Mwanangu nilikwisha kuwaelezeni," alisema. "Leo nawaambia habari za mume wangu. Mnamjua Denver. Mume wangu halali. Usiku kucha anavililia vile vidonge. Mwanamume mzima, mchimba makaa, analia kama mtoto, ananiomba nimtafutie, na mimi sina pa kuvipata."

Mguno wa huruma ulipita ukumbini. Mwanamke wa mstari wa mbele aliziba mdomo kwa mkono. Mtu alisema, "Yesu wangu, na Denver pia?" Arlene alizisikia sauti hizo akadhani ameeleweka. Ikamchukua muda kuona jinsi walivyokuwa wanatazamana. Kaunti ile, mtu anayelilia vidonge usiku ana jina moja tu: mraibu.

"Hapana," alisema. "Sivyo. Yeye ni mgonjwa..."

"Ni ugonjwa, ndiyo, dada, ni ugonjwa!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma. "Usione haya!"

"Namaanisha anahitaji..."

Lakini Whitney alikuwa ameshafika. Alimzungushia Arlene mkono mmoja begani na kwa mwingine akakichukua kipaza sauti, kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Mnasikia, ndugu zangu? Mnasikia ujasiri huu? Kwanza mwana, sasa baba. Mpaka lini? Na bado wapo wanaosema vikomo vimetosha!"

Watu walisimama. Makofi yalianza mbele yakaenea mpaka madirishani, na yalivyodumu, Arlene alishindwa kuyashinda kwa sauti yake. Alimgeukia Whitney. "Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia mlangoni pale."

"Umewagusa," Whitney alimnong'oneza sikioni. "Bi Arlene, mwaka jana haikuwa hivi."

Alipofungua mlango wa pikapu, Denver alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, kule kulikotoka kelele.

"Nimesikia shangwe," alisema kwa shida. "Wamekupa?"

Arlene aliingia, akafunga mlango, akashika usukani. "Wamenipigia makofi."

"Na vidonge?"

"Watapunguza tena."

Pumzi za Denver zilikuja fupifupi. Kona ya mdomo wake ilicheza. "Basi yalete hayo makofi," alisema, "niyameze na chakula."

Arlene alilaza paji la uso kwenye usukani. Alipoinua macho aliwaona wanaume watatu wanatoka mlango wa pembeni wa ukumbi, mchungaji mbele, wakifunga vifungo vya makoti. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la upande wa Denver. Mchungaji alibisha kioo kwa kidole kilichokunjwa, kwa adabu, akatabasamu.

"Ndugu Denver. Teremsha kioo, ndugu yangu. Sisi ni wenzako, hakuna wa kukuhukumu hapa. Tumekuja kukusaidia uache."

Denver alikuwa ameung'ata ukosi wa koti lake kwa maumivu na hakuweza kujibu. Walimwangalia kidogo kupitia kioo, wakatikisa vichwa kwa kuelewa, na mmoja wao, aliyezika mabinti wawili, alianza kulia. Kisha wote watatu wakaweka viganja vyao juu ya paa la gari, wakainamisha vichwa, wakaanza kuomba.