Saa Saba Asubuhi

Chumba cha pasi kilikuwa na meza nne, feni moja iliyozunguka kwa kujivuta, na shuka zisizokwisha. Shuka za nyumba za wageni, shuka za zahanati, taulo za saluni. Ziliingia zimejisokota, zikatoka zimenyooka, zimekunjwa mara nne, namba ya mwenye mali imebandikwa juu. Meza ya kwanza ilikuwa ya shangazi, aliyepiga pasi miaka mingi mpaka mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Ya pili ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, msichana waliyemwita Bubu. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja waliyemwita Redio, na sababu yake huhitaji kuuliza. Meza ya nne haikuwa na mtu. Ilikuwa ya Pilipili, binti wa shangazi, aliyeondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita akiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuitumia hata kuwekea kikapu.

Bubu hakuwa bubu. Maneno yalimjaa tele, ila yakifika mlangoni yanaona haya kutoka. Shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipofariki na shangazi akamchukua. Hata hivyo, kusoma alijua, polepole, kidole chini ya kila neno. Shangazi hakujua kabisa. Kwa hiyo siku ile mama mmoja wa chama cha kusaidia mabinti alipopita kazini akigawa kitabu, Bubu ndiye aliyepewa kazi ya kusoma kwa sauti wakati wa mapumziko ya mchana.

Yule mama wa chama, Redio alikuwa ameshambandika jina: Mama Nasaha.

"Ni shajara," alisema Mama Nasaha, akikipigapiga kitabu mgongoni kama mtoto aliyeshiba. "Aliiandika binti wa miaka kumi na sita, kwa mkono wake. Kila neno ni la kweli. Kimewaliza wengi."

Juu ya jalada jeusi waliandika kwa herufi kubwa: KISA CHA KWELI. Jina la mwandishi halikuwepo.

Bubu alikwama ukurasa wa kwanza tu. Kitabu kilisema: "Leo nimeamka saa saba asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, nikakimbilia shule." Aliangalia tena. Saa saba asubuhi? Saa saba ni mchana, watu wanakula. Akajua ni kosa la mtambo wa kuchapa, akasoma "saa moja asubuhi" na kuendelea. Mbele kidogo jua likazama saa sita jioni, naye akalizamisha saa kumi na mbili. Kwake ilikuwa kama kunyoosha kikunjo kilichosahaulika kwenye kona ya shuka. Nani atalalamika?

Siku ya tatu binti wa kitabuni akaanza kumtukana mama yake. "Mama yangu ni mjinga, hajui chochote kuhusu maisha," kilisema kitabu. Bubu akayasoma hayo, na pasi ya shangazi ikasimama. Ikasimama mpaka shuka ikaanza kunuka.

"Shangazi, pasi!"

"Naiona," alisema shangazi, lakini alikuwa haioni. "Endelea."

Bubu akatazama mstari uliofuata. Ulikuwa mbaya zaidi. Na mdomo wake, ule mdomo mzito, ukasoma kitu ambacho hakikuwepo: "Lakini usiku namkumbuka mama anavyoimba akipiga pasi."

"Kumbe mama yake naye ni dobi mwenzetu?" Redio alidakia.

"Ndivyo walivyoandika," akajibu Bubu, masikio yakimchoma.

Shangazi alichukua shuka nyingine, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaanza kuimba chini kwa chini.

Basi, hapo ndipo Bubu alipoonja. Kila mchana aliongeza kipande. Binti wa kitabuni akawa anakula ganda la mkate kwanza na kuacha sehemu laini iwe ya mwisho. Akawa anacheka mpaka anashika ukuta. Akawa analala kitanda kimoja na mdogo wake, kichwa huku miguu kule, na kugombania shuka mpaka alfajiri. Bubu hakulazimika kubuni chochote. Aliyelala kitanda hicho na Pilipili miaka sita ni yeye. Kila alipotia neno aliona kama Pilipili ameingia, amesimama kwenye meza ya nne na anawacheka wote, na ukurasa ukiisha anatoweka tena. Kwa hiyo hakutaka kurasa ziishe.

Halafu akaweka kofi.

Siku ya kofi lenyewe, miaka mitatu nyuma, walikuwa watatu tu chumba cha pasi: mama, binti na Bubu. Pilipili alikuwa ametupa pasi mezani na kusema, "Mimi sitazeeka kwenye mvuke kama wewe, mama." Shangazi akampiga kofi moja. Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu upande mmoja. Jambo hilo halikutoka nje ya familia, hata Redio hakulijua, na hapo ujue lilifichwa kweli.

Bubu alisoma, kidole kikitembea juu ya maneno mengine kabisa: "Kofi la mama lilishapoa shavuni siku nyingi. Mimi ndiye niliyemwanza. Mama asilie."

Shangazi aliisimamisha pasi mezani, akatoka nje. Aliporudi uso ulikuwa na maji.

"Ni yeye," alisema. "Ni mwanangu. Hili ni daftari la mwanangu."

Bubu alitaka kusema. Wallahi alitaka. Lakini shangazi alikuwa amemshika bega kwa ule mkono mnene, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha la nyumba iliyofungwa miaka. Bubu akaufyata.

Tangu hapo alisoma kwa kujikokota, nusu ukurasa kwa siku, maana alishachungulia mwisho. Lakini Redio hakuchungulia, aliambiwa.

"Nyie bado tu?" alisema Jumatatu, akinyunyizia maji foronya. "Mtoto wa wifi yangu alipewa hicho hicho, amekimaliza kwa siku mbili. Maskini, si anakufa yule binti! Chini ya daraja, mvua inamnyeshea, hana hata wa kumfumba macho."

Hakujua alichokifanya. Redio hakuwa na roho mbaya, ulimi wake tu ulikosa breki. Shangazi alikuwa anakunja shuka. Aliikunja mara nne. Kisha mara ya tano. Kisha ya sita, mpaka ikawa kifurushi kidogo, akakikumbatia kifuani na kukaa chini sakafuni.

Hakulia sana. Hilo ndilo lililomtisha Bubu. Jioni ile shangazi alipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, sauti kavu: mwanangu amefariki, njooni Jumamosi tulie pamoja. Kisha akatia komeo mlangoni. Kwa miaka mitatu mlango ule haukutiwa komeo, asije mtu akafika akakuta umefungwa. Shangazi akalala fofofo mpaka asubuhi, na siku iliyofuata hivyo hivyo. Uso ukamtulia. Kwenye pasi akawa mwepesi.

Na Bubu, aliyelala upande wake wa kitanda, hakupata usingizi. Pilipili alikuwa hai mahali fulani, labda anakula ganda la mkate, na huku nyumbani ndugu wanakuja kumlilia. Wakishamlilia, nani atamtazamia tena?

Ijumaa Mama Nasaha akaja kuulizia kitabu kimewafaa vipi. Alimkuta shangazi anamngoja mlangoni.

"Mama, nakushukuru," alisema shangazi. "Nataka kujua jambo moja tu. Mwanangu mmemzika wapi?"

Mama Nasaha aliangalia nyuma yake, kana kwamba aliyeulizwa ni mwingine.

"Yule binti wa kitabu," shangazi akafafanua. "Ni wangu mimi."

"Pole sana, mama. Lakini... mimi sikuwahi kumwona."

"Si mlisema ni kisa cha kweli?"

"Ni cha kweli. Yaani, mambo kama haya yanatokea."

Bubu alikuwa nyuma ya meza yake. Akapiga moyo konde.

"Saa zake haziendi," alisema.

"Aisee! Bubu anasema," alimaka Redio. "Zimeni feni tusikie."

"Anaamka saa saba asubuhi," Bubu aliendelea, macho yameganda kwenye shuka. "Jua linazama saa sita jioni. Hapa anasema, 'saa mbili usiku, mji mzima umelala.' Mimi nilikuwa nazisahihisha nikisoma. Nilidhani ni makosa ya kuchapa."

"Saa mbili usiku mji umelala?" Redio aliweka mikono kiunoni. "Saa mbili mimi ndiyo kwanza nabandika sufuria! Hizo si saa za kizungu?"

Mama Nasaha alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Kilikuja kwa lugha nyingine," alisema mwishowe. "Tulikitafsiri ofisini, watu watatu, haraka haraka. Saa zilitupita. Na huko kilikotoka pia walisema ni daftari la binti. Baadaye nikasikia aliyeandika ni mama mtu mzima, alitaka kuwaonya watoto. Sikuuliza zaidi. Mabinti wanalia wakikisoma, wengine wanarudi nyumbani. Nikaona kuna ubaya gani?"

"Mimi wangu hajarudi," alisema shangazi.

"Kama si yeye, mama, ni mwingine kama yeye."

"Mwingine ana mama yake." Shangazi alimgeukia Bubu. Hakuamini hata kidogo, ilionekana. "Saa ni saa. Mtu anaweza kukosea saa. Lakini kofi? Kuimba kwangu? Mzungu gani alinisikia mimi nikiimba?"

Alikichukua kitabu mezani, akakifungua, akakiweka mbele ya Bubu.

"Mimi sijui kusoma. Niwekee kidole tu hapo lilipoandikwa neno kofi. Nilione lilivyo."

Bubu alinyoosha kidole. Kikabaki hewani. Feni ikajivuta, ikapeperusha ukurasa mmoja, ikapeperusha wa pili.

"Niwekee kidole, mwanangu."

"Halipo, shangazi."

"Tafuta vizuri."

"Halipo. Nililisema mimi. Na kuimba, na mkate, na kitanda. Nilikuwa nataka..." Maneno yakafika mlangoni yakagoma. Aliyasukuma. "Nilikuwa nataka awepo."

Redio akaenda kuizima feni mwenyewe.

Shangazi alikifunga kitabu, akampa Mama Nasaha mkononi bila kumtazama, akarudi kwenye meza yake. Alipiga pasi shuka tatu. Mama Nasaha alisimama kidogo, akaaga, hakuitikiwa, akaenda zake.

"Siku nne nimelala, Bubu," alisema shangazi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniacha tu."

"Yuko hai, shangazi."

"Unajuaje?"

Bubu hakujua. Akatingisha kichwa.

"Na kunisamehe? Kusema yeye ndiye aliyenianza, na hilo lilikuwa lako?"

"Langu."

"Kwa hiyo yeye hajanisamehe."

"Hajasema kitu, shangazi. Hajasema ndiyo, hajasema hapana."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo alioutua juzi na bado anakumbuka uzito wake.

Ndugu walipigiwa simu wasije. Kaka mkubwa alifoka, "Sisi tumeshakodi gari! Sasa kafa au hajafa?" Shangazi akamjibu, "Hatujui, kaka. Ndiyo hali yenyewe," akakata.

Jumamosi mchana walikuwa wawili tu chumba cha pasi. Shangazi aliingia na karatasi mbili na kalamu aliyoazima kwa mlinzi. Kulikuwa na msusi mmoja, rafiki wa Pilipili tangu utoto, ambaye husafiri kila mwezi kununua nywele za bandia mji mwingine. Mwaka jana alikuja kusema kuna duka kule walimtajia msichana anayefanana na Pilipili. Shangazi alimfukuza. Kama ana habari nasi aje mwenyewe, alisema, mimi sitafuti mtu. Leo asubuhi alikuwa amekwenda kwa msusi kwa miguu yake.

"Anaondoka kesho," alisema. Akavuta kiti mpaka kwenye meza ya nne, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaweka karatasi. "Kaa hapa. Andika ninachosema mimi. Mimi tu, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Andika: Mwanangu. Ni mama yako. Kofi nilikupiga mimi."

Bubu aliandika. Kalamu ilimwasha mkononi. Kulikuwa na mengi ya kutia hapo: kitanda kilivyo kipana sasa, shuka isiyogombaniwa.

"Umeandika nini?"

"'Kofi nilikupiga mimi.'"

"Hujaongeza kitu?"

"Sijaongeza."

"Niwekee kidole kwenye kofi."

Bubu akaweka. Shangazi aliinama, akalitazama lile neno dogo kwa muda, herufi nne tu, akaligusa.

"Haya. Andika: kazi ipo, mvuke ni ule ule, hukukosea." Akaangalia dirishani, akaangalia mikono yake, mmoja mnene mmoja mwembamba. "Sijui niseme nini tena."

Bubu akauliza kwa sauti ndogo, "Na hilo niandike?"

"Lipi?"

"Kwamba hujui useme nini tena."

Shangazi alifikiri.

"Andika," alisema.