Foto ya Njia ya Eringeti

"Njia ya Eringeti? Ile njia na mimi tunajuana sawa mutu na shemeji yake," Muyisa akasema, akiketi kabla hajakaribishwa. "Kila shimo yake inanisalimia kwa jina."

Wenzake wa kikundi cha foto wakacheka. Kuchekesha ndiyo ilikuwa zamu yake, kila Jumapili baada ya misa, kwenye barza ya Lusenge, pale Butembo. Siku nyingine za juma Muyisa alikuwa katika studio mjini, akipiga foto za kitambulisho, kichwa kimenyooka, masikio yote mawili yaonekane. Lakini kwa Lusenge foto za vichwa zilikatazwa. Hapo walileta milima, mito, ndege, miti, safari. Nyuma ya foto unaandika kwa biki mahali, tarehe na jina lako, inazunguka mkono kwa mkono, na ikirudi unaeleza miguu yako ilisimama wapi.

Tangu vita, miguu ya watu haikusimama mbali. Lusenge mwenyewe, mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akileta foto za barafu ya mlima Ruwenzori, mwezi ule alileta foto ya kuku wake kwa mara ya tatu.

"Leo ameangalia kushoto," Muyisa alimsifu. "Anaendelea vizuri."

Kisha akatoa ya kwake. Msitu mrefu, ukungu umeshuka mpaka kwenye barabara nyekundu, vipepeo weupe wamejaa kando ya dimbwi kama karatasi zilizochanwa. Pembeni, paa la nyasi. Nyuma: *Karibu na Eringeti, Novemba 2002, Muyisa.*

Mwaka mzima hakuna aliyeleta foto ya kutoka mbali hivyo.

Ukweli ni kwamba Muyisa alikuwa hajawahi kuvuka Beni, mji ulio kabla ya Eringeti. Négatif, ile filamu ya kutolea foto, ilikuwa ya mjomba wake Abdias, aliyeuza chumvi kwenye njia ile kabla ya vita, akaacha kopo la biskuti limejaa négatifs. Ijumaa, studio ilipokuwa tupu, Muyisa alichagua moja akaisafisha. Tarehe ndiyo aliitunga mwenyewe, na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Foto ilipofika kwa Virginie ilikwama. Virginie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpenda ndege. Binti yake mkubwa Séphora, mwenye miaka saba, alikwenda kwa nyanya yake Eringeti likizo kubwa, njia ikafungwa nyuma yake. Tangu hapo wote walimwambia angoje.

"Muyisa, uliona basoda, bale ba bunduki?"

"Mama Séphora, barrière moja tu ya kufunga njia, na soda mwenyewe alikuwa analala. Hata bipepeo bilipita bila feuille de route, hata karatasi moja ya ruhusa."

"Basi kesho naenda kuchukua mutoto."

Muyisa akaacha kucheka.

"Ngoja kwanza," Lusenge akasema. "Juzi niliona bantu banatoka ile upande, matela ya kulalia kwa kichwa, hapana viatu."

"Bale banatoka mbali," Virginie akajibu, "kule Ituri. Muyisa alipita mwezi huu, na macho yake. Kama njia ni mubaya, angepita namna gani?"

Wote wakamgeukia. Kusema ukweli ilitosha sentensi moja, tena fupi. Muyisa aliangalia tarehe ile nyuma ya foto, akaangalia kuku wa Lusenge.

"Ubebe maji ya kunywa," akasema.

Virginie aliomba foto ili amwonyeshe dereva wa lori. Akampa.

Asubuhi, jua likichungulia, Muyisa alikuwa amefika kwenye kituo cha malori, anahema. Alitegemea kukuta gari tupu. Alikuta watu juu ya mifuko ya chumvi mpaka pembeni: wamama, matela, kuku miguu imefungwa, na Virginie, mtoto wake mchanga mgongoni. Alihesabu vichwa mpaka kumi na nane akaacha.

"Ndiyo huyu mupiga foto!" dereva akapaza sauti. "Wiki mbili gari yangu inalala hapa, bantu banaogopa. Leo mama alionyesha ile foto tu, banapanda benyewe!"

Wakampigia makofi. Muyisa akashika ubao wa gari.

"Mama Séphora, shuka."

"Juu ya sababu gani?"

Watu walikuwa wengi mno, na wote walikuwa wanasikiliza. "Nilisahau kukuambia. Wakati wa kurudi nilisikia masasi ya bunduki."

"Ulikumbuka bipepeo, ukasahau masasi?"

Juu ya chumvi wakacheka. Nyanya mmoja kikongwe, Kavugho, mukaka kwa Kinande, aliyekuwa anarudi kwenye shamba lake, hakucheka. Aliomba foto, akaisogeza mpaka karibu iguse pua.

"Nani alipiga hii?"

"Mimi, mukaka."

"Lini?"

"Mwezi huu huu."

"Na huyu mwenye kukaa kwa mulango, mulisalimiana?"

Muyisa hakujua kuna mtu. Akainama. Chini ya lile paa, mdogo kuliko kichwa cha kiberiti, mwanaume mwenye shati jeupe alikuwa ameketi akitazama barabara. Hapo hapo Muyisa akaona mlango wa kutokea.

"Tulisalimiana sana. Ndiyo yeye alinionya. Alisema: kijana, rudia kwenu, na uambie wamama basilete mutoto huku. Hii musitu usiku iko na bantu."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja akajifunga kitenge upya. Virginie aliteremsha mguu mmoja juu ya gurudumu, na Muyisa akapumua.

"Alikuambia na Kiswahili?" Kavugho akauliza.

"Kiswahili muzuri kabisa, mukaka."

"Bwana yangu hakujua Kiswahili. Kinande tu." Sauti yake haikupanda. "Na nilimuzika nyuma ya hii nyumba, mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tano."

Dereva akazima gari. Vichwa vyote kumi na nane, na vile ambavyo Muyisa hakuvihesabu, vikamwinamia kutoka juu.

"Sema sasa mbele ya bantu bote hapa, mujukuu. Ulifika, ao hapana?"

"Hapana," Muyisa akasema. "Sikuvuka hata Beni."

Virginie alishuka polepole, mkono mmoja ukishika mtoto mgongoni. Alisimama mbele yake, karibu sana.

"Basi Séphora," akasema. "Kama haukufika, nani ataniambia mutoto yangu iko namna gani kule?"