Moto Ulioitikia Marahaba

Asubuhi moja ya Jumatatu, mwaka ambao Mtae iliandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, Raheli alisogeza figa ili azoe majivu, na chini yake ukatoka moto. Ulikuwa wa buluu, urefu wa kiganja, hauna kuni wala moshi. Kwa kuwa ulitoka ardhini, waliko waliotangulia, Raheli hakutaka kuonekana hana adabu.

"Shikamoo," akausalimu.

"Marahaba, mwanangu," moto ukaitikia. Akabandika maharage.

Yaliiva kabla hajamaliza kumenya viazi. Raheli alikaa chini akacheka peke yake kwa furaha. Kuni za Mtae ziko bondeni, na kurudi nazo ni kupanda tu. Mgongo wake ulikuwa umegoma tangu masika, ndiyo maana binti yake Secilia alikuwa ameachishwa shule darasa la tano ili azibebe yeye. Siku hiyohiyo Raheli alimwambia avae sare. Ilimbana kwapani, lakini Secilia aliivaa hivyohivyo akaondoka mbio, asije mama akabadili mawazo.

Habari haikai ndani. Na kule Mtae moto haunyimwi wala hauuzwi: jirani akija mlangoni na kigae chake, unampa kaa, anakwenda kuwasha kwake, na wako unabaki ukiwaka. Majirani wakaja. Kwa kila aliyesalimu vizuri moto ulijimega kipande, nacho kikamfuata kwa miguu mpaka kwake bila kuunguza hata jani. Waliosahau shikamoo walirudi na vigae vitupu, akiwamo mwenyekiti Fanueli, aliyedhani cheo chake kinatosha. Ilibidi aje tena, kofia mkononi. Haukupita muda, kijiji kizima kikawa kinapika bila kuni. Wasichana walijaa darasani hata Mwalimu Tobia akaazima mabenchi kanisani.

Ndipo akaja Ndugu Zahoro kutoka Tanga, kijana wa shirika la gesi la serikali, suti yake safi na viatu vyake matope matupu, kwa sababu gari lilishindwa na mlima. Kijiji kiliitwa mkutanoni.

"Hii ni gesi asilia," alisema Zahoro. "Ni mali ya taifa. Tukiiuza ng'ambo tutapata fedha za kigeni, tununue matrekta, dawa, mitambo."

Makofi yalipigwa. Raheli alipiga mpaka viganja vikawasha. Hakuwahi kufikiri kwamba jiko lake lingeweza kununua trekta.

"Na sisi tutapikia nini?" aliuliza Mwalimu Tobia.

"Mtaletewa, mwalimu. Kwanza tuuze, kisha tusambaze."

"Kwa nini tusianze kusambaza?"

"Mwalimu anataka tule peke yetu," alisema Fanueli, na watu wakacheka.

Raheli naye alicheka, kisha akaumaliza ubishi. "Ndugu Zahoro, kwetu sisi moto huombwa. Njoo uombe."

Aliona hapo hakuna hatari. Aombaye moto huondoka na kipande tu, tangu enzi za mababu, na yeyote wa Mtae angekosea vilevile.

Zahoro aliazima kigae, akasimama mlangoni. "Shikamoo. Naomba moto kwa niaba ya taifa."

"Marahaba," moto ukajibu. Taifa ni watu wengi, na moto ule ulikuwa muungwana, haukutoa kipande. Ulitoka wote. Vipande vyake navyo vikatoka majikoni kote, vikajipanga mstari njiani kama watoto wa shule, vikateremka nyuma ya Zahoro kuelekea Mombo kwenye reli. Kijiji kiliusindikiza kwa ngoma. Raheli aliimba kuliko wote, kwa maana ilikuwa siku kubwa.

Aliporudi, mafiga yalikuwa ya baridi. Aliyasalimu, akangoja, akayasalimu tena. Ilimuuma sana. Alilia, kisha akamwita Secilia, aliyekuwa anafanya hesabu za shule.

Redio ilitangaza kwamba meli iliyoupakia moto imefika salama, na kwamba huko ng'ambo moto haudai salamu, unawashwa kwa kuzungusha kitufe. Mtae ilishangilia upya. Fanueli alichinja mbuzi, ila nyama ilichelewa kuiva kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

Mwaka uliofuata Zahoro alirudi kutoa shukrani. Kulikuwa na baridi, akaomba akae jikoni kwa Raheli. Secilia alimpa chai.

"Shikamoo."

"Marahaba. Uko darasa la ngapi?"

"Nilikuwa la tano."

"Vizuri sana," alisema Zahoro, akipuliza kikombe. Akaeleza kwamba mauzo yameongezeka, kwamba meli ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, na kwamba Mtae imo kwenye mpango. Raheli alifurahi kwa moyo wote, akauliza ni lini.

"Karibuni, mama." Akanywa, akafumba macho. "Chai ya kuni ina ladha yake. Mjini hatuipati." Akanyoosha kikombe aongezewe.

Kuni zilikuwa zimekwisha. Secilia alijifunga kanga kiunoni, akateremka bondeni.