Matundu Juu ya Duara

Fundi wa bunduki alikuwa na masikio mabovu, bega bovu na kiburi kizima. Masikio ndiyo yaliyompa jina la utani, Mzee Eeh, maana ukimsalimia mara ya kwanza atakujibu "Eeh?", na ukirudia atakukaripia kwamba unapiga kelele. Bega alilificha. Miaka thelathini na miwili alisawazisha bunduki za watu, yaani kuzirekebisha zipige panapolengwa, akiwa ameketi kwenye meza ya zege ya uwanja wa shabaha, kifua kimebanwa na ukingo, kitako cha bunduki begani. Mwili uliokaa hivyo hauna pa kukimbilia, na teke la bunduki kubwa humwingia mtu lote. Aliyemfundisha kazi alikuwa na neno moja tu kuhusu maumivu: anayelia teke akauze karanga. Mzee Eeh hakutaka kuuza karanga.

Aliyemshinda nguvu ni daktari wa macho. Alimwambia jicho la kulia limeanza kuharibika kwa ndani, na kwamba mateke machache mengine ya namna ile yatalizima kabisa. Hapo ndipo fundi, kwa shingo upande, alipokwenda kwa seremala wa karakana ya pili akaomba atengenezewe egemeo la kusimamia. Lilikuwa na miguu mitatu ya mbao ngumu, mti wa katikati unaopanda na kushuka, na juu yake mfuko wa mchanga. Unasimama wima, unalaza mbao ya chini ya bunduki kwenye mfuko kwa kimo cha bega lako, na ikilipuka unayumba nayo kwenda nyuma. Seremala aliliita mkongojo wa Mzee Eeh, akacheka peke yake.

Bunduki ya kwanza kulazwa juu ya mkongojo huo ililetwa Alhamisi asubuhi na mpwa wake, binti wa dada yake. Aliibeba begani ndani ya mfuko wa turubai, amevaa sare mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Mbona unapiga kelele?"

Wote wawili walitabasamu, kisha tabasamu likaisha, kwa sababu fundi alikuwa ameshaufungua mfuko. Aliitambua kabla haijatoka yote. Ilikuwa bunduki ya nyati, ileile aliyoishika marehemu baba wa huyu binti siku aliyokufa.

Marehemu alikuwa askari wa wanyamapori, na watu walisema hajui kukosa. Miaka miwili iliyopita nyati aliingia mashambani, naye akaitwa. Alimpiga kwa hatua arobaini. Risasi ilimchuna juu kabisa ya mgongo, ikamjeruhi mnyama bila kumwangusha, na nyati akamgeukia. Waliochunguza waliikagua bunduki, wakaona inafyatua vizuri, wakaandika kwamba askari alifyatua kwa pupa. Neno hilo likaja mpaka msibani. Mjinga mmoja akathubutu kusema, maiti bado ndani, kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Tangu siku ile dada yake fundi alikuwa akijibu salamu za watu huku akitazama chini.

"Wamenipa yake," binti alisema. "Ofisi nzima haina nyingine kubwa. Tangu siku ile ilikuwa imefungiwa stoo. Jumatatu naanza doria, nikaona uisawazishe wewe, kama ulivyokuwa unamsawazishia baba."

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Alisema tu, usiwe na pupa."

Walikwenda uwanjani. Fundi alibandika karatasi yenye duara jeusi kwa hatua hamsini, akarudi, akapandisha mti wa egemeo hadi kimo chake. Kabla ya kulenga alitazama skrubu inayopandisha na kushusha kilengeo cha nyuma. Tone la rangi nyekundu alilolipaka mwenyewe miaka miwili iliyopita, ili ajue kama kuna mtu ameigusa, lilikuwa zima, halijapasuka hata kidogo.

Akafyatua. Mwili ulirudi nyuma wote, mguu mmoja ukatafuta mahali, basi. Alishangaa. Alisubiri maumivu yaje, hayakuja. Akafyatua ya pili na ya tatu bila kukaza meno, akiona wazi kilengeo kimetulia juu ya duara mpaka dakika ya mwisho. Muda huo wote alikuwa anafurahi, na baadaye alijichukia kwa furaha ile.

Alikwenda peke yake kutazama. Ndani ya duara hapakuwa na kitu. Matundu matatu yalikuwa yamekaa pamoja, unaweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa, shubiri nzima juu ya duara.

Fundi alisimama mbele ya karatasi ile. Aliikumbuka siku aliyosaini kadi kwamba bunduki hii imesawazishwa. Alikuwa mezani, taulo limekunjwa chini ya shati ili watu wasilione, na alikuwa ameshafyatua mara nane. Bega lilikuwa limevilia damu. Risasi za mwisho zilikuwa zikipiga chini ya duara, na yeye akailaumu bunduki. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kila alipokaribia kufyatua mwili wake uliogopa teke, bega likajisukuma mbele na mtutu ukainama. Akapandisha kilengeo. Akafyatua mbili nyingine kwa woga uleule, zikapiga katikati, akapaka rangi, akasaini kadi. Shemeji alipokuja kuichukua hakuijaribu, kwa sababu risasi kubwa ofisini zilikuwa za kuhesabu. Alisema, "Kama umesaini wewe, shemeji, mimi nijaribu nini?"

Basi bunduki ilikuwa inapiga juu, na mtu asiye na woga ndiye aliyelipia woga wa mtu mwingine.

Bisibisi ilikuwa mfukoni. Dakika mbili za kazi, tone jipya la rangi, na hakuna ambaye angejua duniani. Binti angekuwa salama, na si ndiyo kazi aliyoitiwa? Marehemu harudi. Shetani hana haja ya kupiga kelele kwa mtu kama huyu. Hata kiziwi humsikia. Fundi aliibandua karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya shati, akabandika nyingine.

Aliporudi, mpwa wake alikuwa ameshashusha egemeo hadi kimo chake.

"Nijaribu na mimi, mjomba."

"Ngoja kwanza nirekebishe..."

Lakini alikuwa ameshakaza kitako begani, na fundi aliyeijua kazi hamgusi mtu aliyekwisha kulenga. Alifyatua mara tatu, polepole, akivuta pumzi kati ya moja na nyingine. Alisimama kama baba yake, kidevu chini, viwiko vimelegea. Kisha akaenda kwenye karatasi kwa haraka ya mtoto anayeendea matokeo ya mtihani. Fundi alimfuata nyuma.

Matundu matatu. Shubiri moja juu ya duara.

Binti aliyatazama. Akaweka kidole juu ya moja.

"Nilidhani nimetulia," alisema. "Ndiyo hiyo hiyo, mjomba. Nimeirithi. Pupa ya baba ninayo."

Hapo fundi akashindwa. Angeweza kumwacha marehemu abebe lawama, maana marehemu hawachoki. Huyu alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Huna pupa," alisema. "Wala baba yako hakuwa nayo."

Akatoa ile karatasi ndani ya shati, akaikunjua, akaishika kando ya hii. Akamweleza yote, kuanzia taulo. Hakujipunguzia. Binti alisikiliza bila kumkatisha, macho yakitoka karatasi moja kwenda nyingine, machozi yakishuka bila kufutwa.

"Irekebishe," alisema mwishowe.

Fundi aliivunja rangi nyekundu, akashusha kilengeo. Binti akafyatua tena kutoka kwenye egemeo, na risasi zote tatu zikaingia ndani ya duara. Hakuna aliyesema hongera.

Jioni ile binti alimpeleka mjomba wake kwa mama yake. Dada yake fundi alikuwa anakunja nguo juu ya kitanda cha sebuleni. Hakuuliza kwa nini wamekuja pamoja. Alizipokea karatasi mbili, akazitandaza juu ya nguo, akasikiliza. Kaka mtu alipomaliza, dada aligusa matundu ya kwanza.

"Haya ya nani?"

"Yangu."

"Na haya?"

"Ya mwanao."

"Ya mume wangu yangekuwa wapi?"

Fundi aliweka kidole palepale, juu ya duara. "Hapa, dada. Alilenga sawasawa."

Dada alikaa kitandani. Binti akaja kuketi karibu yake.

"Miaka miwili," dada alisema, "kila nikisali, namsamehe mume wangu. Namwambia, nimekusamehe kwa kutuacha kwa pupa yako. Kumbe nilikuwa namtukana." Akamwinulia kaka yake macho. "Wewe siwezi kukusamehe leo. Usiniombe."

"Siombi."

"Lakini waliokuja msibani unawajua. Wakwe zangu unawajua, majirani unawajua, na wale wa ofisini walioandika. Kesho uanze. Nyumba moja moja, uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakwenda."

"Mpaka nyumba ya mwisho."

"Mpaka ya mwisho, dada."

Aliziokota zile karatasi, akamrudishia. Kisha akaanza kumtajia majina, la kwanza, la pili, la tatu, na kaka yake akaomba kalamu.